Mzee Yuko Dukani

Kioo chake. Si kioo yake. Mama yangu alizaliwa Pangani, na akisikia mtoto anasema "kioo yake" mezani alikuwa anasimamisha kijiko hewani, wali haushuki kwenye sahani, mpaka mtoto arudie vizuri. Mimi nimekulia Arusha, Kaloleni, katikati ya watu wanaosema "mtu ile" na "ng'ombe hizi", na sijawahi kuteleza. Nayasema haya mapema ili ujue nilichokuwa nacho kabla Naisula hajaja. Nilikuwa na Kiswahili.

Naitwa Zamda. Nauza kompyuta katika duka la Khalfani, Kijenge, barabarani kabisa. Watu wanasema laptop. Mimi nasema kompyuta mpakato, kwa sababu neno lipo na ni zuri. Mzigo mpya ukishuka, kabla kompyuta hazijapangwa kwenye rafu, tunarekodi video fupi ya kuzitazama kwa mara ya kwanza na kuiweka mtandaoni. Video hizo zinaitwa Mguso wa Kwanza. Jina nililitunga mimi, na utaratibu ni wangu pia: nanawa mikono, natandika kitambaa cheupe, nafungua boksi polepole bila kulichana, halafu nasema ninachokiona na ninachokigusa, si kilichoandikwa kwenye boksi. Bawaba imekaza au imelegea? Vitufe vinashuka na kurudi vizuri? Kioo kinasomeka ukikaa karibu na dirisha? Feni inapiga kelele? Nilikuwa nasema hayo yote kwa sentensi zilizonyooka, na mwisho wa kila video Khalfani alikuwa anasema, "Zamda, wewe ungekuwa redioni."

Hakujua kwamba hapo ananigusa penyewe. Nikiwa mtoto nilikuwa namsomea baba gazeti kwa sauti ya mtangazaji, mwiko mkononi kama kipaza sauti, na baba anaitikia "ehee" kama msikilizaji wa mbali. Redioni sikufika. Nilifika Nanenane. Kila mwaka, ikifika Agosti, Khalfani anakodi banda kwenye viwanja vya maonyesho kule Themi, na mimi ndiye ninayesimama mbele na kipaza sauti kuwaita watu waje kuona kompyuta mpya. Watu wa Njiro, wa Usa River, wa Monduli, wote wanapita pale na kunisikia. Kwa siku hizo chache mimi ni mtangazaji, na mwaka mzima nazisubiri.

Sasa njoo kwa Naisula.

Aliletwa dukani mwezi wa tano na shangazi yake anayefahamiana na Khalfani. Binti wa Oldonyo Sambu, mrefu, mpole, mwenye mwanya ambao akicheka unamfanya na wewe ucheke bila sababu. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi, kupanga maboksi na kumpa mteja kiti. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyeanza na Kimaa na kukutana na Kiswahili darasani, tena darasa lenyewe limejaa. "Dada Zamda, hii mteja anataka chaji ya kompyuta yangu, hapana, yake." Mteja kwake alikuwa "hii", meza ilikuwa "huyu", na yeye mwenyewe haoni tatizo. Nilikuwa namwonea huruma. Huruma ni kitu kitamu sana, kwa sababu unamwonea mtu unayemtazama kutoka juu.

Juni hapa Arusha baridi inaingia mifupani, mlima unajifunika siku nyingi mfululizo, na mwaka huu baridi ilinikalia kooni. Sauti ikapotea kabisa. Siku hiyohiyo mzigo ukaingia, aina mbili ambazo hatukuwahi kuwa nazo: moja ya kiofisi na moja ya nyumbani. Ile ya kiofisi ilikuwa nyeusi tii, nene, pembe zake za mraba, haina pambo hata moja. Khalfani alikuwa amezinunua nyingi, na alivyokuwa anazitazama ulijua ameshaanza kujuta. Ya nyumbani ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, unaishika kwa vidole viwili, na kioo chake kimefika mpaka ukingoni. Nikanawa mikono, nikatandika kitambaa, nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu.

"Naisula," Khalfani akasema, "kaa hapo mezani. Sema chochote unachokiona. Tutakata baadaye."

Mimi ndiye niliyeshika simu kurekodi. Nilikuwa nacheka moyoni, nikijua video hiyo haitatoka.

Naisula hakunawa mikono. Alikaa, akaiangalia ile nyeusi, akainusa. Kisha akaipima mkononi kama mtu anayepima mbuzi mnadani.

"Hii mzee ni nzito," akasema. "Lakini ni uzito ya mtu amekula, si uzito ya uvivu." Akajaribu kuifungua kwa mkono mmoja, bawaba ikagoma, akatumia miwili. "Umeona? Hafungui mdomo ovyo. Ni mzee ya kanisa hii. Amevaa suti nyeusi, hacheki, hana maringo. Kioo yake haing'ai, kwa hiyo hata jua ya dirishani haimsumbui." Akabonyeza vitufe kwa vidole vyote. "Meno yake iko imara. Utaandika barua ya shule, ya ushirika, ya mahakama, mpaka wewe ustaafu, na yeye bado iko kazini."

Akaigeukia ile ya fedha. Akaigusa kwa kidole kimoja, ikafunguka laini, mwenyewe akaruka kidogo kwenye kiti.

"Woi! Huyu ni bibi harusi. Anang'aa mpaka naona mwanya yangu. Mwembamba, mwepesi, picha yake ni tamu kabisa." Akapitisha kiganja chini yake. "Lakini ameanza kupata joto, na hata kazi hajapewa. Huyu ni ya kuangalia sinema na kuongea na watu ya mbali. Usimpe mzigo ya ofisi, atazimia. Na chai weka mbali naye."

Sikuvumilia. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa KOMPYUTA MPAKATO, nikamwinulia aisome. Akaisoma kwa kujikaza.

"Mpakato?" akauliza. "Kupakata si mtoto?"

Akaitazama ile nyeusi pale mezani. Kisha akainyanyua, akaiweka mapajani, akaifungua, ikatulia kabisa. Akacheka mwanya wote nje. "Haya basi. Nimempakata mzee."

Khalfani hakukata kitu. Aliirusha video vilevile, na kikohozi changu ndani yake.

Kesho yake asubuhi, kabla sijamaliza kufungua mlango, walikuwepo walimu wa shule moja ya Sakina, wanasukumana na kucheka. "Dada, hii mzee iko?" Baada yao mwinjilisti wa Ilboru, naye anataka kumwona mzee mwenzake wa kanisa. Kisha akina mama wa vikoba, kisha karani wa wakili, kisha watu ambao sijui hata walikuwa wanahitaji kompyuta ya nini. Wote wakiingia wanauliza mzee, wanamgusa, wanampima mkononi kama Naisula, wanajaribu kumfungua kwa mkono mmoja ili wamwone anavyogoma. Na ile ya fedha wanaiwekea kiganja chini na kusema, "Kweli, ana homa huyu." Mali iliyokuwa imkalie Khalfani ikaanza kuondoka. Wakimaliza kununua wanauliza, "Na yule binti wa mzee yupo? Tupige naye picha?"

Sauti yangu ilirudi, na hakuna aliyeuliza ilikuwa wapi.

Niseme wazi: nilimwonea wivu Naisula. Wivu wa kukosa usingizi, wa kuangalia mtu anavyokunywa chai na ukachukia hata anavyoshika kikombe. Nilikuwa nimetumia miaka kusema "vitufe vyake" mbele ya kamera, na vitufe vyake havikumchekesha mtu. Huyu kaja juzi, kasema "meno yake", na mji mzima unarudia. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alichosema kilikuwa kweli. Ile nyeusi ilikuwa mzee hasa. Nami niliitazama kwa mara ya kwanza sawasawa na yeye, chumba kimoja, meza moja, na mzee sikumwona.

Julai ikaingia. Khalfani akaniita kaunta.

"Zamda, Nanenane mwaka huu kipaza sauti atashika Naisula. Wewe utapokea wateja ndani ya banda."

"Kaka Khalfani, anasema 'hii mzee'."

"Na wanakuja kununua hiyo mzee."

"Pale watakuja viongozi, watakuja walimu. Atatutia aibu."

"Aibu gani wakati mzigo unatoka?" Akaniangalia, akalainika kidogo, tumejuana tangu utotoni. "Sikiliza. Akishindwa kuvuta watu, kipaza sauti kinarudi kwako papo hapo. Mimi kwenye biashara sina undugu na mtu. Lakini hatashindwa."

Hatashindwa. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani, nikalala nalo.

Haikupita wiki, nikamkuta Naisula stoo, amekaa juu ya boksi, simu mkononi, machozi yanamtoka. Chini ya video, katikati ya vicheko na sifa nyingi, mtu mmoja alikuwa ameandika: "Huyu dada arudishwe darasa la pili akafundishwe ngeli." Wengine wachache wakamuunga mkono, mmoja akaongeza maneno kuhusu watu wa kabila lake ambayo siyarudii.

"Dada Zamda," akasema, "ngeli ni nini?"

Nusura nicheke. Nikamweleza. Akafuta uso kwa kanga yangu niliyokuwa nimejifunga mabegani, kama mtoto.

"Nifundishe dada. Nanenane watu yetu watakuja, na walimu watakuja. Sitaki mtu acheke mama yangu kupitia mdomo yangu."

"Mdomo wangu," nikasahihisha, bila hata kufikiri.

"Mdomo wangu," akarudia.

Lilitoka safi. Na lilivyotoka, nikaona jambo. Yule aliyesema "mdomo wangu" hakuwa yule wa video ya mzee. Alikuwa binti wa kawaida anayesoma ubaoni. Nikasimama pale stoo nikilifikiria jambo hilo. Hakuna haja ya kumsema kwa Khalfani wala kumwombea mafua. Ninachotakiwa kufanya ni kumfundisha Kiswahili.

"Sogea," nikamwambia. "Tuanze na ki-vi."

Sikumfundisha kwa upendo, asije mtu akanisifia. Nilimfundisha kwa wivu, na nikagundua nina subira ambayo sikuijua. Tulianza kabla ya duka kufunguliwa, tukaendelea mchana kwa chapati na maharage. Kioo chake, vioo vyake. Uzito wake. Mzigo wa ofisi. Kompyuta hii, mzee huyu. Akikosea nasimamisha kijiko hewani kama mama, naye anacheka na kurudia. Akaniletea maziwa ya mgando kutoka kwao kwenye chupa iliyofungwa kwa kitambaa. "Nimemwambia koko nimepata dada mjini," akasema. Koko ni bibi yake. Hapo niliumia. Nikanywa maziwa, nikaendelea na li-ya.

Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Alizisikiliza video zangu zote za zamani, kipokea sauti kimoja sikioni wakati anafuta vumbi. Akaanza kunawa mikono kabla ya kugusa kompyuta. Akaanza kutandika kitambaa cheupe. Mimi kabla ya neno "mpakato" huwa napumua kidogo, kwa heshima ya neno. Akaibeba hata pumzi hiyo. Mchana mmoja nilisikia sauti yangu stoo ikieleza bawaba, nikadhani amefungua video. Nikachungulia. Alikuwa peke yake, anazungumza na ukuta, simu iko mfukoni.

Khalfani alikuwa mbioni na mambo ya banda, hakusikia lolote.

Siku ya kwanza ya Nanenane viwanja vya Themi vilijaa tangu mapema. Vumbi, harufu ya nyama choma na ya zizi, mashine za kukamua zinanguruma banda la jirani. Naisula alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Kompyuta nyeusi na ya fedha zilikuwa mezani juu ya kitambaa changu. Mimi nilikaa nyuma na vipeperushi, nimetulia kama mtu asiye na habari.

Akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, karibuni katika banda letu. Mbele yenu ipo kompyuta" — akapumua — "mpakato ya kiofisi. Kioo chake hakiakisi mwanga. Vitufe vyake vimepangwa kwa nafasi. Uzito wake ni wa wastani."

Hakuna kosa hata moja. Watu walisimama, wakaitambua sura, wakatabasamu wakimsubiri mzee aje. Wakasubiri. Naisula akahamia kwenye betri. Wakatazamana, wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kuona ng'ombe wa maziwa. Khalfani alikuwa anamkodolea macho kama mtu aliyefungua boksi akakuta kitu ambacho hakukiagiza. Mimi nilikuwa napanga vipeperushi ambavyo vilikuwa vimeshapangwa, na raha niliyoisikia siwezi kuificha.

Ndipo likaja kundi la watu wazima waliojifunga mablanketi, wanaume kwa wanawake, vumbi la safari miguuni. Walikuwa wanachama wa ushirika wa maziwa wa Oldonyo Sambu. Walimwona Naisula wakachangamka wote kwa pamoja.

"Shikamoo baba," Naisula akamwambia aliyekuwa mbele, bado kipaza sauti kiko mdomoni.

"Marahaba! Hii si mtoto ya Lengai?" mzee akawauliza wenzake, halafu akamgeukia. "Sasa mama, hii mzee ya kwenye simu iko wapi? Sisi tunataka yeye aandike maziwa yetu."

Naisula akanitupia jicho. Lilikuwa jicho la mwanafunzi anayetaka mwalimu aone. Akanyoosha mgongo.

"Samahani, baba. Hatusemi 'hii mzee'. Tunasema 'kompyuta mpakato hii'."

Ilitoka kwenye spika zote mbili, ikafika mpaka kwenye banda la ng'ombe. Mzee akalivuta blanketi lake begani. Mama mmoja nyuma yake akasema kwa Kiswahili, kusudi Naisula asikie na sisi sote tusikie, "Huyu si ile ya kwenye simu. Hii ni mwingine." Wakaanza kugeuka.

Sauti ile ilikuwa yangu, na niliisikia kwa mara ya kwanza kutoka upande wa pili, upande wanaosimama watu. Haikupendeza. Lakini sikupata nafasi ya kuwaza, kwa sababu Khalfani alikuwa ameshamnyang'anya Naisula kipaza sauti na kunisukumia mimi mkononi. "Warudishe," akasema kwa meno yaliyobana. "Warudishe, Zamda!"

Na mimi nilikitaka kile kipaza sauti. Nilikitaka kuliko nilivyotaka heshima yangu.

"Baba, rudini!" nikapaza. "Mzee yuko! Yuko hapa, amevaa suti yake nyeusi, anawasubiri tangu asubuhi!"

Wakasimama. Mzee akageuka, akaanza kucheka.

"Njooni mumpime! Ni nzito, lakini ni uzito ya mtu amekula! Hafungui mdomo ovyo! Kioo..." Ulimi ukakwama. Mama yangu, kule kaburini alikolala, akasimamisha kijiko. "Kioo yake haing'ai, hana maringo huyu!"

Kioo yake. Mimi. Kwenye spika mbili, Nanenane.

Waliingia wote. Nyuma yao wakaja wengine waliosikia vicheko. Yule mzee wa ushirika alimpakata mzee mweusi mapajani, akapigwa picha, na hakuondoka bila yeye. Banda likajaa mpaka Khalfani akawa anapokea watu nje. Nilisema "meno yake iko imara" mpaka sauti ikaanza kukauka tena. Naisula alikuwa amekaa nyuma kwenye kiti changu, vipeperushi mapajani, hamwangalii mtu.

Katikati ya hayo nilimwona mama mmoja mwenye miwani, kitambulisho cha redio moja ya hapa mjini kimening'inia shingoni. Alikuwa amekaa banda la pili tangu asubuhi, anakula hindi la kuchoma na kusikiliza. Sasa alisimama, akafuta mikono, akaja moja kwa moja kwetu. Nikamkabidhi Khalfani kipaza sauti, nikajifuta uso, nikavuta pumzi.

"Naitwa Magreth, natoka redioni," akasema. "Nimekuwa nasikiliza. Tunatafuta mtu wa kusoma taarifa za asubuhi, na nimechoka na watoto wanaokuja wanasema 'kiti yangu'."

"Karibu," nikasema. "Ni mimi..."

"Wewe hapana, dada, samahani. Unachangamsha sana, lakini kwa taarifa haifai." Akachungulia nyuma yangu. "Namtaka yule aliyesema 'vitufe vyake'. Kiswahili kile kajifunzia wapi?"

Naisula aliinua uso. Akasimama, na kabla sijafungua mdomo akanishika mkono, akanivuta mbele ya yule mama.

"Ni huyu," akasema. "Ni mwalimu wangu."

Mama Magreth alinitazama, akatazama spika, akatabasamu kwa adabu kama mtu aliyeambiwa mzaha asioelewa. Akatoa kadi yake. Akampa Naisula.

Sasa ni Novemba, mvua za vuli zimeshika. Kipaza sauti ni changu, Khalfani amesema hata mwakani ni changu, na video zote ni zangu. Naziita Mguso wa Kwanza bado, ila sitandiki kitambaa tena. Watu hawataki kitambaa, wanataka mzee, na mzee akiisha wanataka mjomba, wanataka mama mkwe. Ikija kompyuta mpya nakaa naikodolea macho nikijiuliza ni nani huyu, na mara nyingi simwoni, nabuni tu. Kila asubuhi Khalfani anafungua redio. "Habari za asubuhi, msikilizaji." Kila neno limekaa mahali pake. Mimi nafuta rafu nikisubiri Naisula akosee. Tangu Septemba nasubiri, na wateja wanadhani nafuatilia habari.

Leo asubuhi, kabla tu ya taarifa, simu ikalia, ujumbe wa Naisula. Huwa ananiandikia hivyo akiwa na wasiwasi; hana mwingine wa kumuuliza, na anaona aibu kumuuliza Mama Magreth. "Shikamoo dada mwalimu. Naingia hewani sasa hivi. Ni mito imefurika au mito zimefurika? Nimechanganyikiwa."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Mkoa mzima unasikiliza saa hizi. Mama Magreth anasikiliza, na amechoka na "kiti yangu". Kosa moja tu, kwenye taarifa ya kwanza, kwenye sentensi ya kwanza.

Nikaandika: "Zimefurika."

Nikalitazama. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma. Nilisema "kioo yake" mbele ya mji mzima na sikufa, kwa hiyo hili lingenishinda nini? Wala si mimi ningelisema. Lakini mkono wa mama ulikuwa hewani, kijiko kimejaa, wali haushuki, na alikuwa ananiangalia mimi, si Naisula.

Nikafuta. Nikaandika: "Imefurika. Mto, mito. Mto umefurika, mito imefurika." Nikatuma haraka kabla wivu haujarudi na kunishika mkono.

Redioni mlio wa taarifa ukapigwa. "Habari za asubuhi, msikilizaji. Kufuatia mvua zilizonyesha kwenye miteremko ya Mlima Meru, mito imefurika..."

Ilipita safi, taratibu, na pumzi yangu ndani yake. Nilikuwa nimesimama bila kujijua, kitambaa cha vumbi mkononi nimekishika kama nilivyokuwa nashika mwiko nikimsomea baba gazeti. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kujua ni ya nini, nikayaacha.

Mlangoni kulikuwa na mteja, mama mmoja aliyelowana mvua, anakunja mwavuli.

"Dada," akasema, "hii mzee iko?"

Nikafuta uso. "Yuko, mama," nikamjibu. "Karibu ndani. Mzee yuko."